Jicho Lilikuwa la Mtoto Mwenyewe

Ukikaa na wazee chini ya mgunga hapa Ngaremara, kando ya lami itokayo Isiolo kwenda Archer's Post, ongea mvua, ongea bei ya mbuzi, hata siasa za kaunti, hutafukuzwa. Taja kumfungua maiti kichwa ili ubongo wake uchunguzwe, na watu wataanza kutafuta fimbo zao waondoke. Watakuachia maneno mawili, mara nyingi kutoka kinywa kimoja: kwamba ni kumdhulumu marehemu, na kwamba hata mkimfungua hamtaona kitu, kwa maana wazimu na kifafa havina nyama. Ni laana ya mzee aliyekasirishwa, ni jicho, mwulizeni emuron, mwaguzi wa Kiturkana.

Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo linaloua. Mtoto mwenye kifafa akiangukia moto, wapo wanaosita kumvuta, eti povu lake linaambukiza. Akipona vidonda, mama yake ndiye anayehojiwa: ulimkosea nani? Ukishaamini kwamba ugonjwa hauna mwili, huhitaji zahanati, unahitaji mshitakiwa. Na mshitakiwa hakosekani kamwe.

Waturkana wana sababu ya kulijua hili kuliko wengi. Turkana imekuwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani wa uvimbe uletwao na tegu wa mbwa. Madaktari wa AMREF waliyapasua matumbo ya wagonjwa hao wakatoa mifuko ya maji, na kitu kilichotolewa tumboni kikawekwa kwenye beseni ni vigumu kukiita laana. Lakini kichwa hakifunguki kama tumbo. Hukati kipande cha ubongo wa mtu aliye hai ili kukidhi udadisi wako. Ndiyo maana mengi tunayoyajua kuhusu ubongo tumeyapata kwa wafu.

Tazameni jirani yetu Uganda. Kaskazini, katika Kitgum, Pader na Lamwo, watoto walianza kuangusha vichwa kana kwamba wanasinzia, kisha wakadumaa na kupoteza akili. Ugonjwa huo ulijulikana zamani huko Mahenge, Tanzania, ambako daktari Louise Jilek-Aall aliukuta miaka ya 1960, na wenyeji walikuwa na jina lake: kusinzia kichwa. Kwetu jirani, kaskazini mwa Uganda, Waacholi wengi waliona ni pepo za waliouawa katika vita ya huko. Nawaelewa, vita ile ingemfanya yeyote afikirie hivyo. Lakini mwaka 2018 zilichapishwa habari za ubongo wa wagonjwa watano waliofariki. Ndani yake kulikuwa na malimbikizo ya protini iitwayo tau, jamaa ya yale yanayoonekana kwa wazee wenye Alzheimer, safari hii katika vichwa vya vijana. Chanzo bado kinabishaniwa, ingawa vidole vingi vinamwelekea mnyoo asambazwaye na inzi weusi wa mitoni, na baada ya mito kunyunyiziwa dawa kuanzia 2012, wagonjwa wapya walikauka. Pepo hanyunyiziwi dawa.

Wala msidhani nawasema waganga peke yao. Blantyre, Malawi, walifunguliwa watoto 31 ambao madaktari waliamini wameuawa na malaria ya ubongo. Wazazi waliombwa, wakaridhia. Ikaonekana, katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2004, kwamba saba walikufa kwa mambo mengine kabisa. Wasomi, wenye darubini na dripu, walikuwa wamekosea. Na dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi watoto hao ilikuwa kwenye jicho: madoa na mishipa iliyobadilika nyuma ya mboni, ambayo daktari anaweza kuitazama mgonjwa akiwa bado anapumua. Kumbe jicho lilikuwemo kweli. Ila lilikuwa la mtoto mwenyewe, si la jirani.

Sasa hilo la dhuluma. Wanaosema mila zetu haziruhusu mwili kuguswa wamesahau kwamba Wakikuyu na Wamaasai wa zamani waliwaachia fisi maiti wao wengi, wakawazika wachache tu wenye heshima. Mila hiyo mnayoilinda kwa wengi wetu ni changa kuliko babu zetu. Ndugu zangu Waislamu wana hoja nzito zaidi: maiti husitiriwa upesi, mara nyingi siku hiyo hiyo. Hapo sibishani. Daktari asiyeweza kufanya kazi yake kabla ya mazishi aache.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote haisemwi chini ya mgunga, na ingefaa isemwe. Nchi hii ilishafunguliwa vichwa. Mwaka 1934 daktari F. W. Vint alichapisha uchunguzi wa ubongo wa Waafrika 100 aliowafungua Nairobi, akadai kwamba gamba la ubongo wao ni jembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko la Wazungu. Naye J. C. Carothers, aliyewahi kuongoza hospitali ya Mathari, akaandika mwaka 1953, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, kwamba Mwafrika hufikiri kama Mzungu aliyekatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo. Yale yalikuwa matusi yaliyovaa koti jeupe.

Lakini kosa la Vint halikuwa kisu. Alikuwa na jibu mkononi kabla hajafungua kichwa cha kwanza, sawa na yule anayejua ni nani aliyeroga kabla hajamwona mgonjwa. Wale 100 hawakuwa na wa kuwasemea. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu Mkenya kuutoa mwili wake kwa hiari yake, na hiari haipatikani kwa fomu ya Kiingereza mlangoni mwa mochari usiku wa msiba. Anayetaka ubongo wetu aje Ngaremara mchana, na mtu anayejua Kiturkana, akae na mama wa mtoto mwenye kifafa na mwanawe akiwa bado anacheza pale mbele yao. Na alete dawa za kifafa kwanza.