Nani Mwenye Wimbo wa Sigalame?

Ijumaa moja nilijikuta katika soko la Lubao, kando ya barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, nami nimevaa kanzu. Msomaji aijuaye Lubao atakuwa ameshaanza kucheka. Kwa asiyeijua, Lubao ni soko la mbwa. Kila Ijumaa watu huja kutoka vijiji vya karibu na vya mbali, huku wakiwavuta mbwa kwa kamba na minyororo, na wale wadogo wakiwapakata kifuani, wakawauza kama sisi tuuzavyo mbuzi. Wako wanunuzi wanaotaka mlinzi wa boma na wako wanaotaka mbwa wa kuwindia. Mwenyeji wangu, ambaye shughuli yake ni kununua kuku, hakunieleza mapema. Basi nikawa nimeikusanya kanzu yangu kwa mikono miwili, napita kwa hadhari kama mtu avukaye mto, rohoni nahesabu maji mara saba na moja ya udongo.

Nilikimbilia kibanda cha kwanza nilichokiona. Kilikuwa cha kijana anayewajazia watu nyimbo katika flashi na memori kadi. Kipaza sauti chake kilikuwa kikiimba Sigalame, ule wimbo wa mtu aliyewapotea jamaa zake, kisha ikasikika kuwa yuko Bungoma na biashara zake hazijulikani. Nilisimama. Ni wimbo nilioujua tangu ungali mpya, nao ni wa mwaka 1983. Nikamwuliza kijana kama anamjua aliyeuimba.

"Huyu, mzee, alikuwa Mbukusu," akanijibu bila kusita. "Wa hapo Bungoma tu. Husikii anavyoitaja Bungoma?"

Nikamwambia kuwa mwimbaji ni Issa Juma, mtu wa Tanzania, na bendi yake ni Super Wanyika Stars. Akanitazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mzee aliyechoka na safari. Nikamwuliza bei. Shilingi 50, flashi inajaa. Akanieleza kuwa hizi zilizopendwa ndizo zinazouzika kuliko za sasa, hasa kwa madereva. Nikamwuliza tena, na wenye nyimbo hupata ngapi katika hizo 50?

"Hao si walikufa wote, mzee?"

Sikumlaumu. Lakini jibu lake nimelibeba tangu Lubao mpaka Mombasa, na leo nataka kulitua hapa mbele ya wasomaji.

Najua wako watakaosema kwamba mambo ya dansi si ya kutuhusu sisi. Sina nia ya kuanzisha hapa mjadala wa gitaa na hukumu yake, wenyewe wajuzi wapo. Neno langu ni juu ya mali ya mtu, na juu ya warithi wake baada ya kufa. Hayo yanatuhusu, na hakuna msikiti katika pwani hii ambao hayajapata kuzungumzwa ndani yake.

Tuanze Tanga, maana ndiko ilikoanzia. Mji ule katika miaka ya 1960 ulikuwa chemchemi ya muziki. Huku walikuwapo Black Star Musical Club, walioingiza magitaa na mwendo mpya katika taarabu na kuitoa sauti ya Bi Shakila mpaka ikafika Lamu na visiwani. Kule walikuwapo wa dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Mwaka 1966 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliingia Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha na kuunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka, wakaja kupiga kwetu Mombasa, na bendi ikapata jina la Simba Wanyika.

Sisi wa Mombasa tuliwapokea kama jamaa, kwa kuwa Kiswahili chao kilikuwa chetu. Mtu hakuhitaji mkalimani. Wakati ule dansi la Kenya lilikuwa limejaa bendi za Kikongo, nzuri kwa kweli, lakini ulikuwa ukicheza usichokielewa. Hawa ndugu waliimba mambo ya nyumbani, mke aliyebadilika, rafiki asiyelipa wema, mapenzi yaliyovunjika, na walisema kwa lugha ambayo bibi jikoni angeifuata. Magitaa yao yalizungumza kwa zamu. La solo likiuliza, la ridhimu hujibu, na la besi hukaa chini likiwasikiliza wenzake, kisha saksafoni huingia kama mgeni aliyechelewa karamuni. Kwa kuwa sahani ndogo za santuri hazikuwa na nafasi ya wimbo mrefu, upande wa kwanza ulibeba masimulizi, ukaigeuza, upande wa pili ukawa wa kuchemka tu. Wako waliozimaliza sahani zao upande mmoja, wa pili ukabaki mpya! Mimi nilikuwa wa upande wa kwanza.

Mwaka 1975 walitoa sahani yao kubwa, Jiburudisheni na Simba Wanyika, na makao yao yakawa Nairobi. Ndiyo miaka ya fahari yao. Lakini Novemba 1978 bendi ilipasuka. Waliondoka watu ambao ndio waliokuwa uti wa mgongo wake, Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, ambaye watu walimwita Profesa, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa dramu, wakaunda Les Wanyika. Akaja John Ngereza, mwenye sauti na gitaa la solo. Mwaka 1979 wakatoa Sina Makosa. Sidhani kama kuna arusi ya pwani hii, kuanzia mwaka ule hata leo, iliyokwisha bila wimbo huo kupigwa, hata katika nyumba zisizokubali dansi. Issa Juma naye akaenda njia yake, akawa na Wanyika Stars, kisha Super Wanyika Stars, na huyo Sigalame wake.

Tazama majina haya. Simba wa nyika alikuwa mmoja. Alipopasuliwa, kila mtu aliondoka na kipande cha "Wanyika", na hao wa Les wakakitanguliza kineno cha Kifaransa kwa kuufuata mtindo wa Kikongo wa siku zile. Nao ni wana wa Afrika Mashariki hawa! Ndiyo maana vijana wengi wa leo huwadhania kuwa watu wa Kinshasa. Na jina lenyewe lilikuwa la nani? La ndugu walioanzisha, au la kila aliyelipigia gitaa? Kwa msikilizaji haikuwa shida, yeye alipata bendi tatu badala ya moja, na katika miaka michache iliyofuata alikula karamu. Simba Wanyika wenyewe hawakuzimika mara moja. Walitoa Mapenzi ni Damu na nyingine nyingi, wakapata kufika Ulaya, na mwaka 1992 sahani yao Pepea ikatolewa huko.

Mwaka huo huo, Desemba, George akafariki. Wilson akafuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikaisha naye. Omar Shabani alifariki mwaka 1998, Ngereza mwaka 2000. Katika muda wa miaka minane nyumba nzima ikawa tupu.

Watu wa rika langu wanapozungumza juu ya kuanguka kwa bendi hizi hutaja mambo yale yale. Hutaja kaseti, na ni kweli, kaseti ya kunakili kichochoroni iliwanyang'anya watu hawa riziki mchana kweupe, kwani aliyekuwa akinunua sahani sasa alinunua utepe ambao mwimbaji hakupata hata senti kwake. Hutaja disko. Hutaja vibali vya kazi, ambavyo katikati ya miaka ya 1980 viliwatesa wanamuziki wageni Nairobi, na hawa ijapokuwa tuliwaona ndugu, katika makaratasi walikuwa wageni. Yote hayo yalikuwapo. Mimi lakini nasema yalikuta mlango wazi. Bendi zetu nyingi zilijengwa juu ya maneno ya mdomo. Mwenye vyombo akilipa kwa usiku, mtunzi akipokea kitita kimoja studioni na kutia sahihi asichokisoma, na kiongozi akiwa baba wa wote mpaka siku wanapokosana. Ikija siku hiyo, hakuna anayejua wimbo ni wa nani wala jina ni la nani. Ndipo watu huondoka usiku.

Nitaleta mfano wa mbali. Katika mji wa Manchester, Uingereza, lilikuwapo kundi la New Order, waliochanganya magitaa na mashine za ngoma za disko. Lilizaliwa mwaka 1980 baada ya mwimbaji wao wa kundi la kwanza kujiua. Mwaka 1983, mwaka wa Sigalame, wao walitoa Blue Monday, wimbo uliouza kuliko wimbo wowote wa sahani za inchi 12 nchini mwao. Kampuni yao, Factory, iliendeshwa kienyeji kuliko duka la Kibokoni, na fedha zake zilimwagika katika klabu ya dansi na starehe nyingine. Novemba 1992 ikafilisika. Kampuni kubwa ya London ilitaka kuinunua pamoja na hazina ya nyimbo zake. Ndipo kilipotokea kipande cha karatasi cha zamani, kifupi mno, kilichosema kwamba wanamuziki ndio wenye mali yao na kampuni haina kitu. Biashara ile ikavunjika, na New Order wakaondoka na nyimbo zao mikononi, wakaenda kufanya mapatano yao wenyewe. Watu wale walikosana pia baadaye, na vibaya sana, hawakuwa malaika. Lakini walikosana huku kila mmoja akijua kilicho chake.

Factory ilianguka Novemba, George Kinyonga akafa Desemba iliyofuata. Kilichotenganisha hali hizi mbili si ubora wa muziki.

Na sisi ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuambiwa haya. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Bakara, inahusu kuandikiana, ikataja mwandishi na mashahidi wawili, na kwamba lisidharauliwe deni dogo wala kubwa. Tumeisoma chuoni tukiwa watoto. Kisha tukakua, tukafungua biashara, vyama vya taarabu na bendi, tukasema, "Ah, sisi ni ndugu, yanini makaratasi?"

Turudi kwa kijana wa Lubao, aliyedhani kifo cha mtunzi kimemaliza hesabu. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haisemi hivyo. Utunzi hulindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliokufa. Utunzi wa George Kinyonga, basi, ni mali yenye mwenyewe mpaka mwisho wa mwaka 2042, na wa Wilson mpaka mwisho wa 2045. Sauti iliyorekodiwa nayo ina miaka 50 tangu iliporekodiwa, hivyo Sina Makosa ya 1979 inalindwa mpaka mwisho wa 2029. Kenya imekuwa na chama cha kukusanya haki za watunzi tangu mwaka 1983, na bodi ya serikali ipo. Je, yuko anayevuka Horohoro kwenda Tanga kuwauliza watoto na wajukuu? Redio zetu, zinazojaza saa nzima za Jumapili kwa nyimbo hizi, mbona hutaja aliyeomba wimbo na shangazi zake wote, lakini jina la mtunzi halitajwi? Kumtaja ni bure, na mtu ambaye jina lake halijulikani hawezi kutafutiwa warithi.

Hoteli za ufukweni pia zina lao. Usiku baada ya usiku bendi huko huwapigia watalii Sina Makosa. Niliwahi kumwuliza kijana mpiga besi katika bendi moja kama wana mkataba baina yao. Akacheka, akasema wanaaminiana. Wana nyimbo tatu zao wenyewe, nzuri, na watu watano. Nilimwambia watafute karatasi moja tu, waandike nani katunga maneno, nani katunga sauti, na jina la bendi litabaki na nani wakiachana. Wapate mashahidi wawili. Akaniahidi. Nimeonana naye mara mbili tangu siku ile na karatasi bado.

Pale Lubao jua lilikuwa linapanda, na nilitaka niwahi khutuba mjini Kakamega. Kijana alipoona siondoki, akapunguza sauti, akaniuliza, "Sasa mzee, una hakika si Mbukusu?" Nikamwambia nina hakika. Akainama kwenye kompyuta yake, ambapo wimbo ulikuwa umeandikwa "Sigalame Bungoma", akafuta Bungoma. Akaniomba nimtajie jina polepole. Aliandika "Isa Juma", kwa s moja. Nikamwambia ni mbili, akaongeza. Kisha akaniuza flashi kwa shilingi 50, nami, ndugu msomaji, nikalipa, kwa kuwa nilizitaka nyimbo zile, na sikuwa na mwingine wa kumlipa.