Kituo Kimoja, Hukumu Mbili



Wako wanaotwambia kuwa mambo ya Mbeya na Iringa hayatuhusu sisi watu wa visiwani. Husema kwamba kule ni nchi ya milima na baridi, nchi ya mahindi na chai, na sisi ni watu wa karafuu na bahari. Kila mtu na ashughulike na lake. Rai hiyo hatuikubali. Mwenye kutaka kuijua dhulma iliyotendwa katika uchaguzi wa visiwa vyetu mwaka 2015, kipimo kilicho wazi atakipata huko huko Mbeya na Iringa.

Tarehe 25 Oktoba 2015 Tanzania nzima ilipiga kura. Vyama vinne, CUF, CHADEMA, NCCR-Mageuzi na NLD, vilikuwa vimeungana katika UKAWA na kumsimamisha mgombea mmoja wa urais wa Muungano, Edward Lowassa. Kwa hivyo mfuasi wa upinzani wa Wete na mwenzake wa Mwanjelwa, Mbeya, walitia alama mbele ya jina lile lile. Tofauti yao ilikuwa moja tu. Wa Mwanjelwa alipewa karatasi tatu: ya Rais, ya Mbunge na ya Diwani. Wa Wete alipewa tano, kwani aliongezewa ya Rais wa Zanzibar na ya Mwakilishi.

Tazameni basi yaliyofuata. Mbeya Mjini alitangazwa Joseph Mbilinyi, na Iringa Mjini Mchungaji Peter Msigwa, wote wawili wa CHADEMA, na matangazo hayo yakasimama. Wabunge wa CUF wa Pemba nao wakatangazwa, wakenda Dodoma, wakaapishwa. Lakini tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, akatamka kuwa uchaguzi wa Zanzibar umefutwa. Kesho yake Tume ya Taifa ikamtangaza John Magufuli kuwa Rais wa Muungano kwa asilimia 58.46, na kura za visiwani zimo ndani ya hesabu hiyo.

Mwenyekiti alitoa sababu zake. Alisema Makamishna waligombana, na kwamba katika baadhi ya vituo vya Pemba kura zilizidi idadi ya walioandikishwa. Baadhi ya Makamishna walitamka hadharani kuwa hawakushirikishwa katika uamuzi huo. Lakini hata tukizichukua sababu hizo kama alivyozisema, twauliza: ikiwa kituo kilikuwa kibovu, kilikuwaje kibovu kwa karatasi tatu na kizima kwa karatasi mbili? Wapiga kura walikuwa wale wale, siku ile ile, mbele ya mawakala wa vyama. Maji ya mtungi mmoja hayawi matamu katika bakuli hili na machungu katika bakuli lile.

Uchaguzi ukarejewa tarehe 20 Machi 2016. CUF ikasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa asilimia 91.4. Hapo likazuka jambo la ajabu: jimbo moja la Pemba likawa na Mbunge wa CUF Dodoma na Mwakilishi wa CCM Chukwani.

Wazee wetu walikwisha tuonyesha njia nyingine. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu, na Afro-Shirazi ndiyo iliyoshinda. Nchi ilikuwa imegawanyika vibaya, na kila upande ulikuwa na hamu ya kiti hicho. Hata hivyo kura ile moja ilihesabiwa kuwa kura.

Wala tusidhani kwamba wenzetu wa nyanda za juu wamepewa hati ya milele. Mwaka 2020 viti vyote viwili, Mbeya Mjini na Iringa Mjini, vilitangazwa kwenda CCM, na wapinzani wakalalamika kuwa mawakala wao walizuiliwa vituoni. Malalamiko hayo hayo yalisikika Unguja na Pemba. Yaliyoanzia visiwani hayakuishia visiwani. Haki ya kura ikitobolewa upande mmoja wa jahazi, maji hayaulizi abiria wa upande wa pili ametoka wapi.

Kwa hivyo hatuombi hisani ya mtu. Twataka kipimo kimoja. Matokeo yakishatangazwa, asiweze kuyafuta mtu mmoja kwa tamko. Mwenye shaka aende mahakamani na ushahidi wake, kama sheria inavyomruhusu mgombea ubunge wa Iringa aliyeshindwa. Na mlango huo huo ufunguliwe kwa urais, ambao Katiba zote mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zimeufungia mahakama.

Kwa upande wetu iko kazi ya kufanya. Kila tawi lihakikishe wanachama wake wameandikishwa. Kila wakala asiondoke kituoni bila ya nakala ya fomu ya matokeo iliyotiwa saini, na nakala hizo zihifadhiwe. Na kila tunapokutana na wenzetu wa bara tuwaeleze jambo hili kwa utulivu, kwa tarehe na kwa hesabu, bila ya matusi. Asiyeijua habari ya Pemba hawezi kulaumiwa kwa kunyamaza. Akishaijua, naye ana la kujibu.