WAKILI WA DARAJA LA KWANZA, KWA NANI?

Na Katibu Mwenezi wa Tawi, Bigwa

Kila mwaka huko London hutolewa vitabu vinavyowapanga mawakili wa dunia kwa madaraja, kama sisi walimu tunavyowapanga watoto baada ya mtihani. Kimoja chaitwa Chambers, kingine Legal 500. Tanzania nayo imo. Kampuni ya mawakili ikishika daraja la juu hulitangaza jambo hilo kwa herufi kubwa, na watu husoma na kutikisa vichwa kwa heshima. Sisi twauliza: mtihani huo nani ameutunga, na nani ameusahihisha?

Jibu si siri. Kampuni yenyewe hupeleka orodha ya kazi zake kubwa za mwaka, pamoja na majina ya wateja watakaoulizwa habari zake. Wateja hao ni benki, ni wenye migodi, ni wenye mitambo ya umeme na minara ya simu. Wakiulizwa kama wakili wao ni hodari watasema ni hodari, na kweli ni hodari! Hatubishi. Lakini mkulima wa Kinole hakuulizwa, wala dereva wa lori, wala mama anayeuza ndizi pale njia panda ya Bigwa. Basi cheo hicho ni cheo cha sokoni, na soko lenyewe ni la wenye fedha.

Tazameni kampuni ya Bowmans. Asili yake ni Afrika Kusini, nayo ina ofisi Johannesburg, Nairobi, Lusaka na Dar es Salaam. Fani zake za kazi ni mabenki na mikopo, kununua na kuunganisha makampuni, madini, nishati, kodi, sheria ya ushindani, ajira, na mashauri ya biashara. Au tazameni Hamilton Harrison & Mathews ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1902, wakati reli ya Uganda ilikuwa bado mpya. Leo imo ndani ya Dentons, kampuni iliyotandaa dunia nzima. Haya ni makampuni halali, yanafanya kazi halali, na vijana wetu wengi waliosoma kwa fedha za umma wameajiriwa humo. Hatuwatukani.

Twasema hivi tu: utajiri wa nchi huhama kwanza katika karatasi, ndipo uhamie katika malori. Anayeiandika karatasi ndiye mwenye mpini.

Februari 2020 Serikali yetu ilitia sahihi mkopo wa dola bilioni 1.46 uliosimamiwa na benki ya Standard Chartered, kwa ajili ya reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Makutupora. Reli imejengwa, na tangu mwaka 2024 tunapanda treni Morogoro na kufika Dar kabla chai haijapoa. Ni jambo la kujivunia. Lakini mkopo wa namna ile hauandikwi kwenye nusu karatasi. Ndani yake mna riba, mna dhamana, mna kifungu kinachosema mkigombana mtahukumiwa na nani na kwa sheria ya nchi gani. Kila kifungu kina bei yake, na bei hiyo wanaoilipa ni sisi na wajukuu wetu.

Nani asiyesadiki na aitazame hesabu ya leseni za madini. Mwaka 2017 Bunge lilibadilisha sheria ya madini, na mwaka 2018 leseni za kushikilia maeneo bila kuchimba zikafutwa. Kwa haki kabisa! Mtu atakaliaje mali ya nchi kama kuku juu ya mayai viza? Lakini zamani tulikuwa tumekwisha kutia sahihi mikataba ya kulinda mitaji: na Uingereza mwaka 1994, na Kanada mwaka 2013. Wenye leseni wakaitoa mikataba hiyo kabatini, wakatushitaki mbele ya waamuzi wa kimataifa. Winshear wakalipwa dola milioni 30 kwa mapatano ya mwaka 2023. Indiana na wenzake walipata hukumu ya dola zaidi ya milioni 109 mwaka huo huo, wakapatana nasi kwa milioni 90 mwaka 2024. Montero wakalipwa milioni 27. Jumla dola milioni 147, wala hakuna hata ndoo moja ya mchanga wa madini iliyotoka katika leseni hizo. Karatasi ya mwaka 1994 ikatudai.

Wako ndugu ambao wakisikia haya husema: basi, mawakili ni kupe, tuwafukuze. Hapana! Huo ni uvivu wa kufikiri. Wameru walipopokonywa ardhi yao, Kirilo Japhet alikwenda mwaka 1952 mpaka Umoja wa Mataifa, na aliyekuwa pamoja nao katika kuyaandaa madai yale ni wakili, Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliposhitakiwa kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, walisimama D. N. Pritt kutoka Uingereza, na K. L. Jhaveri na M. N. Rattansey wa hapa hapa. Alitozwa faini ya shilingi 3,000, lakini nchi nzima ilisikia yaliyosemwa mahakamani. Na Oktoba 1961 chuo kikuu chetu kilipoanza, kilianza na kitivo cha sheria, wanafunzi 14, katika jengo la TANU kwenye mtaa unaoitwa leo Lumumba. Hakikuanza na udaktari wala uhandisi. Wazee walijua kwamba bendera bila watu wa kusoma mikataba ni kitambaa tu.

Sasa teremkeni nami hapa Bigwa. Mdalasini, karafuu na pilipili manga za milimani hupita mbele ya milango yetu kwenda mjini. Mara nyingi zimekwisha kununuliwa zikiwa bado mtini, kwa bei aliyoitaja mnunuzi, na mkataba ni neno la mdomo. Viwanja vinauzwa kila juma kwa karatasi ya daftari yenye sahihi mbili na dole gumba. Kwetu Waluguru ardhi ya lukolo hufuata upande wa mama. Kijana mmoja mwenye njaa ya pikipiki huuza shamba la shangazi zake watano, na mnunuzi huja na hati iliyopigwa chapa kwa Kiingereza. Kesi ikizuka, Baraza la Kata tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Msipopatana mwakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko mwenzako anakuja na wakili, wewe unakuja na mjomba.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, nao wanafanya kazi njema sana. Lakini msaidizi haruhusiwi kusimama barazani kama wakili. Basi hodari wote wako ghorofani Dar es Salaam, na bondeni tumeachiwa huruma.

Twataka nini? Twataka kampuni yoyote inayolipwa kwa kazi za Serikali au za mashirika ya umma itoe siku za mawakili wake mikoani, siku za kuhesabika, si picha za kukabidhi madawati. Twataka mkataba unaomfunga mkulima, kama ule wa mkulima wa miwa na kiwanda cha Kilombero, uwe na nakala ya Kiswahili yenye nguvu ile ile ya kisheria. Bunge lilikwisha kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama mwaka 2021. Kisizuiliwe mlangoni mwa mkataba. Na Ofisi ya Wakili Mkuu wa Serikali, iliyoundwa mwaka 2018, ilipe vijana wake mshahara wa kuwazuia wasihamie upande wa pili wa meza. Msiseme ni ghali. Dola milioni 147 ni ghali.

Tawi letu limekwisha kuanza kwa uwezo wake. Mwanachama yeyote wa Bigwa, au jirani asiye mwanachama, mwenye karatasi ya kuuziana ardhi au mazao asiyoielewa, alete nakala kwa mwenyekiti wa shina lake. Asilete karatasi yenyewe, akaitunze nyumbani. Tutazisoma pamoja na wasaidizi wa kisheria Jumamosi baada ya saa nane, na zile zenye kasoro tutazipeleka kwa barua, moja moja, kwa mawakili wenye ofisi mjini Morogoro, na majibu yao tutayabandika ubaoni.