Kinywa Kinachowaka Moto: Tumsadiki Mgonjwa Kabla ya Kulipia Leza



Yapo maumivu ambayo kila mtu huyaona, na yapo yale anayoyajua mwenyewe tu. Mwenye donda mguuni huonewa huruma na kila apitaye. Lakini mama anayesema, "Ulimi wangu unawaka kana kwamba nimeunguzwa na chai," kisha akafungua kinywa na watu wasione jeraha wala uvimbe, huanza kutazamwa kwa mashaka. Huyu atasema ni mawazo, yule atasema karogwa, na mwingine atanong'ona kwamba ni ukimwi. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa wa kinywa kuwaka moto, na juu ya tiba yake moja inayosifiwa sana, yaani mwanga wa leza yenye nguvu ndogo. Nieleze msimamo wangu tangu mwanzo. Leza hiyo si uganga, wala si ulaghai. Hata hivyo, familia isiuze mbuzi wala isikope fedha kwa ajili yake kabla haijafanya mambo mawili: kumsadiki mgonjwa, na kutafuta chanzo.

UGONJWA WENYEWE

Kwa mujibu wa mwongozo wa mwaka 2018 wa chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu ya kichwa, mtu huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu ikiwa kinywa chake kinawaka zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa muda unaozidi miezi 3, na daktari haoni kidonda au kasoro inayoweza kuwa sababu. Mara nyingi unaowaka ni ulimi, hasa ncha yake na kando zake. Pengine huwaka midomo au kaakaa. Wengine huhisi kinywa kikavu, au ladha chungu kama ya chuma. Unawapata zaidi wanawake ambao wamekwisha kukoma hedhi, ingawa wanaume nao wamo.

Wagonjwa wengi huamka asubuhi wakiwa na nafuu, na moto huongezeka kadiri jua linavyokwenda. Tena wengi hupata nafuu wakati wa kula. Hapo ndipo wanapoonewa. Jirani akimwona mama anakula ugali wake vizuri, husema, "Huyu anajisingizia tu." Kumbe kula kwake si ushahidi wa uongo, bali ni tabia ya ugonjwa wenyewe.

Mwaka 2005 madaktari wa Italia walitangaza kwamba walichukua vipande vidogo sana vya ulimi wa wagonjwa hawa na kuvitazama kwa darubini. Waliona kwamba nyuzi nyembamba za mishipa ya fahamu zilikuwa chache kuliko za watu wenye afya. Basi maumivu haya yana mahali pake mwilini. Anayemwambia mgonjwa kwamba hana kitu, anamwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza.

TUTAFUTE CHANZO KWANZA

Si kila kinywa kinachowaka kina ugonjwa huu. Yapo mambo mengi yanayochoma kinywa, na baadhi yake hutibika kwa gharama ndogo. Upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma, asidi ya foliki au vitamini B12 huweza kuufanya ulimi uchome. Vivyo hivyo kisukari, kasoro ya tezi ya shingoni, fangasi wa kinywani, kinywa kukosa mate, na meno ya bandia yasiyokaa sawasawa. Zipo pia dawa za shinikizo la damu, kama vile captopril na enalapril, ambazo kwa watu wengine huleta hali hiyo. Mgonjwa asiziache kwa shauri lake mwenyewe, bali amweleze daktari ili ikifaa ambadilishie.

Kuhusu ukimwi: ni kweli kwamba fangasi wa kinywani huweza kuwa dalili mojawapo ya upungufu wa kinga. Lakini jibu lake ni kupima, si kunong'ona. Kipimo huondoa shaka, na atakayekutwa na virusi zipo dawa za kumwezesha kuishi miaka mingi.

Tena, mwenye kidonda kisichopona kwa zaidi ya wiki 2, au baka jeupe au jekundu lisilotoka, asingoje. Amwone daktari wa kinywa na meno mapema, maana hiyo huweza kuwa dalili ya saratani. Wala asikubali mtu yeyote ammulike mahali hapo kabla ya kupimwa.

LEZA HUFANYA NINI

Leza ya kwanza ilitengenezwa na Theodore Maiman huko Marekani mwaka 1960. Mwaka 1967 daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, aliwanyoa panya manyoya, akawamulika kwa leza dhaifu, naye akaona manyoya ya panya waliomulikwa yanaota upesi zaidi. Tangu hapo watu wakaanza kuchunguza kama mwanga huo husaidia kuponya na kutuliza maumivu.

Leza hii haikati nyama wala haiunguzi kama ile ya upasuaji. Kwa kawaida nguvu yake haizidi nusu ya wati. Wala si mionzi ya eksirei. Daktari huelekeza mwanga mwekundu, au ule uliopita wekundu ambao jicho halioni, mahali panapowaka, kwa muda mfupi kila nukta. Mgonjwa hurudi mara kadhaa kwa majuma kadhaa. Yeye na daktari huvaa miwani ya kukinga macho. Wataalamu hueleza kwamba mwanga huo hupokelewa na sehemu za chembe hai zinazotengeneza nguvu ya mwili, na kwamba huenda ndivyo unavyopunguza maumivu.

Je, unasaidia? Mwaka 2016 taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba, ilichapisha uchunguzi wa majaribio 23 ya tiba zote za ugonjwa huu, yenye watu 1,121. Kuhusu mionzi ya mwanga, nafuu ya muda mfupi ilionekana katika jaribio moja lenye watu 58, na ushahidi wenyewe ulihesabiwa kuwa dhaifu sana. Baadaye yalifuata majaribio mengine, na mengi yake yalionyesha nafuu. Lakini mengi yalikuwa na watu wachache, kila moja na kipimo chake cha mwanga, na ufuatiliaji wa muda mfupi. Tena katika majaribio kadhaa, hata wagonjwa waliowekewa mashine iliyozimwa bila wao kujua walisema wamepata nafuu.

Tusidharau jambo hilo. Mgonjwa ambaye kwa miaka hakusikilizwa, akiketi mbele ya daktari anayemwuliza habari zake kila juma, hupata nafuu kwa kule kusikilizwa tu. Nasi tunaweza kumpa usikivu huo nyumbani na katika jumuiya zetu, bila mashine na bila malipo.

Kwa haki ya leza, niseme pia mahali ilipothibitika. Wapo wagonjwa wa saratani ya kichwa na shingo ambao matibabu ya mionzi huwatoa vidonda kinywani. Kwa baadhi yao, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2020 unapendekeza mwanga huu ili kuzuia vidonda hivyo. Lakini dawa iliyofaa kwa jambo moja haijathibitika kwa sababu hiyo kufaa kwa lingine. Vyote ving'aavyo si dhahabu.

SHAURI LANGU

Ukiambiwa ulipie leza, uliza kwa adabu lakini bila woga: Je, damu yangu, sukari, dawa ninazotumia na meno ya bandia vimekwisha kuchunguzwa? Nitamulikwa mara ngapi, na jumla ya gharama ni kiasi gani? Nisipopata nafuu tutaachia wapi? Daktari mwema hatachukia maswali hayo. Anayekuahidi kupona kabisa, mkimbie. Vilevile usikubali kung'olewa meno mazima kwa sababu ya moto huu. Wapo waliong'olewa, na moto ukabaki palepale.

Wakati huohuo yapo ya kufanya. Mgonjwa anywe maji kidogo kidogo, apunguze pilipili na vitu vichachu, aache tumbaku na pombe, na aepuke dawa za kusukutua zenye alkoholi. Daktari naye anazo dawa anazoweza kujaribu, mojawapo ikiwa clonazepam ya kumung'unya kisha kutema. Hiyo ni dawa ya kulevya usingizi, isinunuliwe ovyo dukani. Na wapo wanaopata nafuu taratibu kadiri miaka inavyopita.

Nanyi akina baba na vijana, mama au bibi akisema kinywa chake kinawaka, msicheke. Msindikizeni hospitali, na daktari akiuliza tangu lini, msaidieni kueleza. Safari hiyo ya kwanza ndiyo yenye manufaa zaidi kwake kuliko mwanga wowote.