Teke la Punda Lina Sababu

Shukrani ya punda ni mateke: ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyofundisha. Methali hii imetamkwa kwa miaka mingi hata imekuwa kama hukumu iliyokatwa bila ya shahidi kuitwa. Nakuomba, msomaji, uwe hakimu mwenye subira kwa muda mfupi. Nenda jua linapokaribia kutua mahali alipofungwa punda, kisimani au sokoni, ukamtazame kabla hujamsema. Utaona masikio yakipiga, mkia ukipepea, mguu ukikanyaga chini pasipo safari, na ngozi ya bega ikitetemeka kama maji yaliyoguswa na upepo. Mwisho utaona teke. Teke hilo lilimkusudia mdudu aliyeng'ang'ania chini ya tumbo. Mtu aliyesimama nyuma amepokea barua isiyo yake, naye kwa hasira huijibu kwa fimbo.

Wenye fimbo hujitetea kwa neno moja, ati punda ana ngozi ngumu, hahisi. Neno hili ni la uongo, na ushahidi wake umo mwilini mwa mnyama mwenyewe. Farasi na punda wamepewa msuli mpana, mwembamba, chini ya ngozi, ambao kazi yake ni kuitikisa ngozi pale pale inapoguswa. Nzi hana uzito wa punje moja ya mchele, na bado akitua juu ya bega la farasi ngozi huitika papo hapo. Ikiwa mnyama huyu ahisi miguu ya nzi, atakosaje kuhisi meno yake? Mwaka 2020 wataalamu wa Australia walitangaza matokeo ya kulinganisha ngozi ya farasi na ya binadamu kwa hadubini. Waliona ya kuwa lile tabaka la juu lihisilo maumivu halikupishana unene kwa kiasi cha maana, wala wingi wa ncha za mishipa ya fahamu haukupishana. Ngozi ya farasi kwa jumla ni nene kuliko yetu, lakini unene huo uko chini ya mahali pa kuumia. Na punda ni ndugu yake wa karibu.

Sasa mtazame adui, kwa maana watu husema "nzi" kana kwamba wadudu hawa wote ni wa ukoo mmoja. Pange huja mchana wa jua kali. Jike ndiye anywaye damu, naye hana sindano nyembamba kama ya mbu, ana visu. Hukata ngozi, damu ikachuruzika, akairamba. Nzi wa zizini amefanana na nzi wa nyumbani hata asiyemchungua humdhania kuwa hana dhara. Lakini mdomo wake ni mwiba ulioelekea mbele, na miguu ya mnyama ndiyo sahani yake. Mbaya kuliko hao, kwa farasi, ni aliye mdogo kuliko wote, usubi, ambaye urefu wake hauzidi milimita 3. Huzaliwa katika tope na unyevu, hutoka alfajiri na magharibi, na penye upepo hawezi kuruka.

Huyu usubi ana mate ambayo miili ya baadhi ya farasi na punda haiyavumilii. Mwasho wake haupiti pamoja na mdudu, hukaa. Mnyama hujisugua shingo na shina la mkia kwenye mti, kwenye ukuta, kwenye kigingi, hata singa zikang'oka, ngozi ikachubuka, damu ikatoka. Hapo ndipo nzi wa kawaida, wasioweza kuuma, waletapo karamu yao. Baadhi yao huacha kidondani viluwiluwi vya minyoo ya tumbo la farasi, na kidonda kilichostahili kupona kwa siku chache hukaa miezi. Mwenye mnyama akiona hayo husema ni uchafu, au ukaidi, au jicho la hasidi. Lakini tazama habari ya farasi wa Iceland. Katika kisiwa kile cha baridi farasi waliishi kwa karne nyingi pasipo kuumwa na usubi, na ugonjwa huu wa mwasho haukujulikana kwao. Wakipelekwa Ulaya wakiwa wazima huupata kwa wingi, kupita wenzao wa damu ile ile waliozaliwa huko huko Ulaya. Je, ukaidi huingia kwa kuvuka bahari? Mwili usiomzoea mdudu toka utotoni ndio ulioshindwa na mate yake.

Tena usubi haleti mwasho peke yake. Wataalamu wa Afrika Kusini walionyesha mwaka 1944 kuwa ndiye achukuaye ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao katika miaka ya 1854 na 1855 uliua farasi karibu 70,000 katika nchi ya Rasi. Punda kwa kawaida huupita ugonjwa huo salama. Farasi wengi hawaupiti.

Sasa nifike penye ubishi wangu mkubwa. Mahali pengi katika nchi yetu punda akitoka kidonda hupakwa oili chafu iliyomwagwa kutoka katika injini ya gari. Najua jibu la wenye kufanya hivyo: nzi hukimbia. Ni kweli, hukimbia. Hata nyumba ikiungua panya hukimbia, wala hatusemi moto ni mlinzi wa nyumba. Oili ile imebeba masizi na chembe za madini yenye sumu. Huunguza nyama iliyo wazi, na mnyama akijilamba humeza. Nzi wenyewe wamehamia hatua mbili tu, kwenye lundo la mavi lililo nyuma ya zizi, wakizaana. Wengine huchukua dawa ya kupe wanayooshea ng'ombe, wakamwagia punda kwa fikira kwamba mnyama ni mnyama. Hapa ujinga huweza kuua: amitrazi, dawa mojawapo itumikayo sana kwa ng'ombe, huweza kulegeza matumbo ya farasi na punda hata chakula kikakwama ndani. Dawa ya ngozi ya mnyama huyu na iulizwe kwa daktari wa mifugo, na kidonda wakati huo kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Mwasho usio na kidonda hupunguzwa na maji baridi matupu.

Lakini kuosha ni kufuata nyuma ya mkosaji. Mkosaji hukamatwa zizini. Katika joto la nchi yetu yai la nzi huwa nzi kamili kwa muda wa kama siku 7 hadi 10. Basi mwenye kuzoa mavi na majani yaliyoloa mkojo kila siku, akayapeleka mbali shambani, amekiua kizazi kabla hakijaota mbawa. Punda asifungwe kando ya kinamasi magharibi. Afungwe juu penye upepo, adui wa usubi. Nyuzi za katani au vitambaa vilivyofungwa kwenye paji la uso humlinda macho kila atikisapo kichwa. Hatamu na kamba za nailoni zinazokata ngozi ziwekewe pamba au kitambaa laini, kwa sababu jeraha la mzigo ndilo mlango wa nzi. Wala asifungwe kamba fupi mno hata asiweze kujifikia. Wazee wetu hushika mgwisho mkononi kwa heshima. Punda amepewa wake na Mola, nao ni haba, una singa nchani tu.

Naye jirani yake wa mbugani amepewa zaidi. Watu wamebishana muda mrefu juu ya milia ya punda milia. Mwaka 2019 Tim Caro na wenziwe walitoa habari ya jaribio walilofanya Uingereza: farasi walivishwa nguo nyeusi, nyeupe, na zenye milia. Pange waliwakaribia wote, ila juu ya milia walishindwa kutua vizuri. Vichwani, ambako hakukuwa na nguo, walitua sawasawa. Mwaka huo huo wataalamu wa Japani waliwapaka ng'ombe weusi milia myeupe, na wadudu waliowauma wakapungua karibu nusu. Ikiwa maumbile yamegharimia vazi la namna hiyo kwa ajili ya kumwepusha mnyama na kuumwa, ni nani atakayesema kuumwa ni jambo dogo?

Nasikia mtu akisema: watu wenyewe hawana dawa, nawe wamlilia punda! Ndugu, ufagio na jembe la kuzolea mavi si dawa, wala haviuzwi kwa daktari. Punda ajisuguaye mchana kutwa hali sawasawa, na asiyekula hachoti maji ya mtu. Tena mtu huyu asemaye hana fedha kwa ngozi iliyo hai ajue kuwa iliyokufa ilipata wanunuzi. Tangu mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, na ngozi zikasafirishwa kwenda China kutengenezewa dawa. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilikuta punda zaidi ya 1,800,000 nchini. Ile ya 2019 ilikuta chini ya 1,200,000. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika, mkutanoni Addis Ababa, walikubaliana kuikataza biashara hiyo ya ngozi barani. Ngozi iliyogombaniwa na wafanyabiashara wa mbali ndiyo ile ile tuliyoipaka oili chafu.