Madereva wa masafa marefu: Nani hulipa gharama ya foleni ya mpakani?

Kabla jua halijachomoza, mji wa Tunduma huwa tayari umeamka. Malori yenye makontena, matangi ya mafuta na mabehewa ya mbolea hujipanga kando ya barabara kuu kuelekea Nakonde, upande wa Zambia. Katikati ya malori hayo hupita mama lishe na masufuria ya uji, wabadilisha fedha wenye kwacha mikononi, na mawakala wa forodha wanaokagua namba za magari. Dereva aliyefika usiku hajui kama atavuka asubuhi hiyo, jioni, au baada ya siku mbili. Anachokijua ni kwamba posho aliyopewa Dar es Salaam imekwisha kuanza kupungua.

Katika mijadala ya biashara kati ya Tanzania na majirani zake, ucheleweshaji wa mpakani hupimwa kwa hasara ya wafanyabiashara, bei ya mafuta na mapato ya bandari. Ni mara chache kupimwa kwa maisha ya mtu anayeshika usukani. Hata hivyo, ukifuatilia namna madereva wa masafa marefu wanavyolipwa, na namna serikali za ukanda huu zinavyoamua kufunga na kufungua mipaka, utaona kwamba sehemu kubwa ya gharama ya foleni huishia kwenye kibanda cha lori.

Njia ndefu, mzigo mzito

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Barabara hiyo hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, hupanda mlima Kitonga mkoani Iringa, hupita Makambako na kushuka miteremko ya Mbeya kabla ya kuufikia mpaka. Ng'ambo ya Nakonde bado kuna Isoka, Chinsali, Mpika, Serenje na Kapiri Mposhi, kisha miji ya Ukanda wa Shaba, hadi Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Safari nzima ni takribani kilomita 2,000 kwa upande mmoja. Wanaoendelea hadi Kolwezi huongeza mamia mengine ya kilomita.

Malori haya huenda na mafuta, mashine, kemikali za migodini na bidhaa za madukani. Hurudi na shaba na kobalti inayosafirishwa kwenda viwanda vya Asia na Ulaya. Kwa mujibu wa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, lori na mzigo wake halipaswi kuzidi tani 56. Uzito huo, kwenye mteremko wa Kitonga au Mlima Nyoka, hauna mzaha. Breki zikipata moto kupita kiasi, dereva hana nafasi ya kufikiri mara ya pili.

Anayeianza kazi hii husikia mengi juu ya uhuru wa barabarani na heshima ya kuijua miji ya nchi tatu. Kuna ukweli ndani yake. Dereva mzoefu wa njia ya Kongo hujifunza maneno ya Kibemba ya kuombea maji na chakula, na akifika Lubumbashi hukuta Kiswahili kinamsubiri, ingawa kina lafudhi na maneno yake. Lakini sehemu kubwa ya kazi yenyewe ni kungoja: kungoja kupakia bandarini, kungoja mizani, kungoja nyaraka, kungoja kupakua, na kungoja mzigo wa kurudi.

Maamuzi ya siku moja

Serikali za ukanda huu zimefanya jitihada za kupunguza kungoja huko. Mwezi Oktoba mwaka 2019, Rais John Magufuli wa Tanzania na Rais Edgar Lungu wa Zambia walizindua Kituo cha Pamoja cha Huduma za Mpakani cha Tunduma na Nakonde, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Chirundu, kati ya Zambia na Zimbabwe, ilikuwa imetangulia kwa mfumo huo mwaka 2009. Nyaraka nyingi zilizokuwa zikibebwa kwenye bahasha sasa hupita kwenye mitandao ya forodha.

Tatizo ni kwamba kituo kizuri hakiwezi kuzuia uamuzi wa kisiasa. Mwezi Mei mwaka 2020, wakati wa janga la corona, Zambia ilifunga kwa muda mpaka wa Nakonde, na madereva wakajikuta wakitazamwa kama wabebaji wa ugonjwa. Mwezi Januari mwaka 2022, takwa la Uganda la kuwapima upya madereva wote waliokuwa wakiingia nchini humo lilizusha mgomo na foleni ya makumi ya kilomita upande wa Kenya, katika vituo vya Malaba na Busia. Uhaba wa mafuta ulijitokeza Uganda, na hatimaye takwa hilo likalegezwa.

Mwezi Agosti mwaka 2024, Zambia ilifunga vituo vyake vya mpaka na Kongo, kikiwamo Kasumbalesa, kufuatia mvutano uliotokana na hatua ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Mwezi Aprili mwaka 2025, Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini ikijibu vizuizi dhidi ya bidhaa zake, kisha ikaiondoa marufuku hiyo baada ya siku chache za mazungumzo.

Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na sababu zake, na kila serikali ina wajibu wa kulinda afya na soko la watu wake. Lakini zote zinafanana kwa jambo moja: zilianza kutekelezwa wakati malori yakiwa njiani. Dereva aliyepakia kabla ya tangazo mara nyingi hakupewa muda wa kutosha wa kufika wala mahali pa kusubiri. Mawaziri walipokutana na kuelewana, biashara ilirejea. Siku zilizopotea hazikurejea.

Hesabu ya posho

Ili kuelewa siku hizo zinampotea nani, ni lazima kuangalia malipo. Katika kampuni nyingi za usafirishaji, mshahara wa mwezi wa dereva huwa mdogo, na kinachomwezesha kuishi ni posho ya safari. Posho hiyo hukadiriwa kwa safari, si kwa siku. Ndani yake hutoka chakula chake na cha tingo, maegesho ya usiku, simu, matengenezo madogo, na malipo mengine yasiyo na risiti ambayo kila mtu wa barabara anayafahamu.

Kwa mfano wa hesabu tu, chukua posho iliyopangwa itoshe siku 14 za kwenda na kurudi. Safari hiyo ikichukua siku 28 kwa sababu ya foleni, dereva amefanya kazi mara mbili kwa fedha ile ile. Hakuna aliyemkata mshahara, na hakuna barua iliyoandikwa. Kipato chake cha siku kimegawanywa nusu na foleni, na kwenye vitabu vya hesabu hakionekani kama hasara ya mtu yeyote.

Hapa ndipo tofauti inapojitokeza. Kampuni ya meli hutoza faini kontena lake likichelewa kurudishwa. Benki hutoza riba ya mkopo wa lori hata lori likiwa limesimama. Mikataba mingi ya usafirishaji huweka tozo kwa gari lililocheleweshwa kupakuliwa. Chuma, kwa maneno mengine, kina bei ya kungoja. Mtu anayekilinda chuma hicho usiku kucha mara nyingi hana.

Wamiliki wa malori nao wana hoja. Wengi wao ni wafanyabiashara wa kati wenye magari machache, wanaolipwa na wenye mizigo miezi kadhaa baada ya kazi. Wanasema bei ya usafirishaji hupangwa na ushindani, na kwamba anayeongeza gharama ya dereva peke yake hupoteza mzigo kwa jirani. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo sababu inayofanya jambo hili lisiweze kumalizwa na mwajiri mmoja mwenye nia njema.

Saa zilizofidiwa kwa mwendo

Muda uliopotea mpakani hutafutwa barabarani. Dereva ambaye kipato chake hutegemea idadi ya safari, akiruhusiwa kuvuka baada ya siku nne, hana sababu ya kulala mapema. Anaendesha usiku. Anakunywa vinywaji vya kuongeza nguvu, au anatafuna mirungi pale inapopatikana, ili macho yasifumbe.

Sheria zipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Nchini Kenya, sheria ya usalama barabarani inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, wa mwaka 1979, unataka dereva apumzike baada ya kuendesha saa 4 mfululizo, ingawa umeridhiwa na nchi chache tu.

Kinachokosekana ni njia ya kuzitekeleza sheria hizo. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kifaa ndani ya gari hurekodi saa za kuendesha na za kupumzika, na mkaguzi anaweza kuisoma kumbukumbu hiyo barabarani. Katika njia za Afrika Mashariki na Kusini, vifaa vya kufuatilia malori vimeenea pia, lakini kazi yake kubwa ni kulinda mzigo na kodi. Mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo unaotumiwa na Kenya, Uganda na Rwanda hutoa taarifa lakiri ya kontena ikifunguliwa. Hautoi taarifa dereva akiwa hajalala.

Ajali inapotokea, uchunguzi huanzia na mara nyingi huishia kwa dereva: uzembe, mwendokasi, kuyapita magari mengine mahali pasiporuhusiwa. Makosa hayo yapo na huua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufariki kila mwaka kwa ajali za barabarani duniani, na Afrika ni miongoni mwa kanda zenye viwango vikubwa zaidi vya vifo ikilinganishwa na idadi ya watu. Lakini swali la dereva alikuwa macho kwa saa ngapi, na kwa nini, halipaswi kuachwa nje ya ripoti ya polisi.

Usiku ndani ya kibanda

Kwa wengi, kibanda cha lori ndicho chumba cha kulala, jiko na ofisi. Kwenye maegesho yasiyo na vyoo wala taa, dereva hulala usingizi wa nusu, kwa sababu mafuta yakinyonywa au turubai likichanwa, maelezo yatatakiwa kwake. Maumivu ya mgongo, shinikizo la damu na kisukari huwanyemelea watu wanaokaa saa nyingi na kula wanachokikuta. Baadhi ya vituo vya njiani vina kliniki ndogo zilizojengwa ndani ya makontena, ambazo hutoa vipimo na dawa hadi usiku, lakini umbali kati ya kliniki moja na nyingine bado ni mrefu.

Usalama nao ni wa mashaka. Mwezi Septemba mwaka 2016, madereva wa Kitanzania walitekwa na watu wenye silaha mashariki mwa Kongo kabla ya kuokolewa na jeshi la nchi hiyo. Mwaka 2021, mashambulizi kwenye barabara ya Nimule hadi Juba, nchini Sudan Kusini, yaliwafanya madereva wa mataifa jirani wagome kuvuka mpaka kutoka Elegu, Uganda. Nyumbani, familia husubiri simu. Watoto huzoea kumfahamu baba kwa siku tatu au nne kila mwezi.

Reli si jibu la yote

Wapo wanaosema mjadala huu utapitwa na wakati, kwa kuwa reli inarudi. Mwaka 2025, Tanzania na Zambia zilitia saini na kampuni ya China makubaliano ya dola bilioni 1.4 ya kuifufua reli ya TAZARA. Tanzania imefungua bandari kavu ya Kwala, mkoani Pwani. Upande wa magharibi, ukanda wa Lobito nchini Angola unashindania shaba ile ile.

Uzoefu wa Kenya unatoa tahadhari. Agizo la mwaka 2019 la kuilazimisha mizigo ya Nairobi isafirishwe kwa reli ya kisasa kutoka Mombasa lilizusha maandamano ya watu waliotegemea malori, na mwaka 2022 Rais William Ruto alirejesha shughuli za kutoa mizigo Mombasa. Hata pale reli inapofanikiwa, mzigo hutakiwa kutoka stesheni hadi mgodini na dukani. Lori halitatoweka. Linaweza tu kupewa safari fupi zaidi, na dereva wake masharti yale yale.

Yanayoweza kufanyika hayahitaji mabilioni. Mkataba wa maandishi unaotaja malipo ya siku za kungoja ungeihamishia gharama ya foleni kwa wale wenye uwezo wa kuipunguza: wenye mizigo, kampuni na serikali. Ukiwa takwa la kisheria kwa kampuni zote za njia moja, hakuna mwajiri atakayepoteza mzigo kwa kuutimiza. Nchi jirani zinaweza kukubaliana kwamba marufuku yoyote ya biashara isiyaguse malori ambayo tayari yako njiani. Maegesho yenye taa, maji na ulinzi kila baada ya saa chache za mwendo yangeipa nguvu sheria ya mapumziko, ambayo leo haina mahali pa kutekelezwa.

Kanda hii imekwisha kukubaliana juu ya uzito wa lori, upana wake na kadi ya bima inayotambulika ng'ambo ya mpaka. Bado haijakubaliana juu ya saa za mtu anayeliendesha. Hadi hapo itakapofanya hivyo, foleni ya Tunduma itaendelea kuonekana nafuu kuliko ilivyo, kwa sababu wanaoilipia zaidi hawapo mezani hesabu inapopigwa.