Rangi ikipauka, usikimbilie kuongeza rangi

Leo nina hoja kwa wenzangu tunaotengeneza video za kufundishia.

Tuseme umerekodi mashamba ya ngano huko Gitting, Hanang. Ukiwa unahariri, ngano inang'aa dhahabu. Ukishatoa faili na kuifungua kwingine, imepauka kama kanga ya zamani. Wengi hapo wanaongeza rangi na kutoa upya. Mimi nasema hapana!

Mara nyingi rangi haijapotea, imesomwa vibaya. Video ya kawaida huhesabu nyeusi kuwa 16 na nyeupe 235, wakati kompyuta huhesabu 0 hadi 255. Programu moja ikiandika kwa hesabu hii na nyingine ikasoma kwa ile, nyeusi inakuwa kijivu. Halafu simu nyingi siku hizi hurekodi HDR, nayo isipobadilishwa vizuri kuwa video ya kawaida, inapauka vilevile.

Dawa ni kuweka mradi kwenye Rec. 709 mwanzo hadi mwisho, kisha kukagua faili kwenye simu na kompyuta nyingine kabla ya kugusa rangi. Ukiongeza kwa kubahatisha, kwako itapendeza, kwa mwingine itazidi.

Jamani, sisi ni walimu watarajiwa. Kuna mwanafunzi ambaye shule yake haina maabara, litmasi ataiona kwenye video yako tu. Bluu ikigeuka nyekundu, lazima aione nyekundu kweli. Hapo rangi siyo urembo, ndiyo somo lenyewe.

Au mnasemaje? Tuko pamoja!